Sevo Kwanza, Rimoti Baadaye

Mwaka 2018 droni ya Wingcopter ilipeleka dawa Ukerewe kutoka Mwanza, kilomita 60 hivi kwa dakika 40, ikijiendesha yenyewe. Ndege ya rimoti unayoiunda Nyasura kwa foamu ya maboksi ya samaki haina kompyuta ya kuisahihisha. Eleveta yake ikikaa upande nyuzi tano tu, ndege itafuata upande huo hadi kwenye pamba ya jirani.

Wengi hufunga kila kitu, kisha wanahangaika kunyoosha ndege kwa vitufe vya rimoti. Anza na mikono ya sevo zinazosogeza eleveta na aileroni. Chomoa propela, maana mota ikishtuka mezani vidole vinaondoka. Washa rimoti, kisha ndege; trimu zote ziwe sifuri, na sabutrimu pia. Hapo sevo inajiweka katikati, na ndipo uivalishe mkono wake ukiwa mraba kabisa na waya wa kusukuma.

Mara nyingi mkono hukataa kukaa mraba. Tumia ule wenye ncha nne: sevo yenye meno 25, kwa mfano, hesabu yake haigawanyiki kwa nne, kwa hiyo kila ncha inakaa tofauti kidogo na mwenzake. Jaribu zote, chagua iliyo karibu zaidi, kata zilizobaki. Baki dogo limalize kwa urefu wa waya. Sabutrimu iwe ya mwisho.

Sasa tundu. Kwenye mkono wa sevo chomeka waya tundu la ndani. Kwenye pembe ya eleveta au aileroni, tundu la nje. Mwendo utapungua, lakini nguvu itaongezeka na ulegevu hautaonekana sana. Anayefanya kinyume, halafu akapunguza mwendo hadi asilimia 40 kwenye rimoti, ameitupa nguvu ya sevo aliyoinunua. Tundu za pembe ziwe juu ya mstari wa bawaba wenyewe, si nyuma wala mbele yake, la sivyo eleveta haitapanda sawa na inavyoshuka. Spoku ya baiskeli, ambayo kila fundi atakupa, ni nene mno kwa sevo ya gramu 9. Ukipanua tundu ili ipite, umejitengenezea ulegevu. Waya wa chuma wa milimita moja unatosha.

Sukuma kijiti hadi mwisho, kila upande, usikilize. Sevo inayolia imekwama mahali: pengine mkono unagusa foamu, pengine bawaba ya gundi ni ngumu. Usiiache. Sevo iliyokwama hunyonya umeme mwingi, na risiva inayotumia chanzo hichohicho inaweza kuzimika ndege ikiwa juu.

Kwa ndege ya kwanza, nyuzi 12 za eleveta kila upande zinatosha. Aileroni zipe 15 kupanda na 10 kushuka, maana inayoshuka huvuta pua upande usioutaka. Pima kwa kipimapembe cha mkebe wa shule, macho hudanganya.

Kisha simama nyuma ya ndege. Kijiti kulia: aileroni ya kulia ipande, ya kushoto ishuke. Kijiti ukikivuta kwako, eleveta ipande. Rudia kila unaporuka, hata kama jana ilikuwa sawa, kwa sababu modeli isiyo yake kwenye rimoti inaweza kugeuza kila kitu. Mwisho, propela ikiwa bado mezani, ongeza moto kidogo uzime rimoti. Mota isiposimama, rekebisha failsefu kabla ya jambo lolote.

Rusha asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma mchana. Ulizia masharti ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na ukae mbali na upande wa lango la Ndabaka: ndani ya Hifadhi ya Serengeti chombo cha kurushwa kwa rimoti hakiruki bila kibali.