SOMO LA AFYA: MAUMIVU SUGU YA NYONGA KWA WANAWAKE

Watumishi wa Serikali na wakazi wote wanaombwa kulisoma somo hili kwa makini, na kuwasomea wasiojua kusoma. Mfano umechukuliwa Kisondela, Wilaya ya Rungwe, lakini jambo lenyewe lamhusu kila mwanamke.

1. MISULI YENYEWE. Chini ya fupanyonga ipo misuli iliyotandazwa mfano wa machela, tangu mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Hubeba kibofu, mji wa mimba na utumbo wa haja kubwa, na husaidia kufunga na kufungua njia za haja. Misuli yenye afya hukaza, na pia hulegea.

2. MABADILIKO. Maumivu ya nyonga yaliyodumu miezi 6 au zaidi huitwa sugu. Chanzo chaweza kuwa maambukizo ya via vya uzazi, endometriosisi, ugonjwa wa kibofu au majeraha ya kujifungua. Mwili uumwapo hujikinga kwa kukaza misuli. Hali hiyo ikiendelea, misuli hushindwa kulegea. Huwa migumu, huchoka upesi na huuma ikiguswa. Kwa hiyo chanzo cha awali chaweza kupona, maumivu yakabaki. Mwanamke ambaye vipimo vyake havionyeshi maambukizo, naye angali anaumwa, asiambiwe kuwa anajisingizia, wala asiongezewe dawa za maambukizo bila sababu.

3. DALILI. Maumivu chini ya kitovu au kiunoni. Maumivu katika tendo la ndoa. Mkojo kutoka kwa kukatika-katika. Taabu ya kupata choo. Na maumivu kuzidi baada ya kukaa au kusimama muda mrefu.

4. MAZOEZI. Mwaka 1948 Dakta Arnold Kegel wa Marekani alieleza mazoezi ya kukaza misuli hii. Yanawafaa wenye misuli dhaifu wanaovujwa na mkojo. Lakini misuli iliyokwisha kukakamaa, ikizidi kukazwa, yaweza kuongeza maumivu. Mwenye maumivu aanze kwa kulegeza: alale chali, akunje magoti, avute pumzi taratibu hadi tumbo liinuke, aiachilie misuli ya chini, kisha atoe pumzi bila kusukuma.

5. KAZI. Mwanamke wa Kisondela hupanda na kushuka milima akiwa na ndizi, kuni au majani ya chai. Mzigo mzito huikandamiza misuli hii. Mizigo igawanywe, na pumzi isizuiwe wakati wa kuinua. Wakuu wa ofisi na shule wawape watumishi nafasi ya kwenda haja kwa wakati.

6. MATIBABU. Mgonjwa aanzie zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Wilaya, Tukuyu; ikihitajika apewe rufaa Mbeya kwa daktari wa wanawake na mtaalamu wa fiziotherapia. Asingoje hata siku moja mwenye homa, anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, au aliyekosa hedhi akashikwa na maumivu makali ya ghafla.

Waume wanakumbushwa kuwa maumivu haya si uvivu, wala si kukataa ndoa. Ni ugonjwa, na una matibabu.