Ubao wa kompyuta ukiungua, hesabu ziko bado
Umeme wa Kisangani umekatika, umerudi kwa nguvu, na kompyuta ya koperative haiwaki tena. Pengine kilichoungua ni ule ubao mkubwa wa ndani, wenye mafundi wanaita karte mere. Madeni ya wanachama na kilo za mpunga viko kwenye diski, kitu kingine kabisa. Basi, fundi akitaka kufuta diski, mkatalieni! Kwanza atoe nakala kwa kompyuta ingine. Halafu aifunge kwenye ubao mpya, na njia ya kuwasha iwe ile ile ya zamani. Windows 10 ama 11 kwa kawaida inajitafutia vifaa vipya; ikijizima na kuwaka tena, ngojeni. Leseni inaweza kudai kuthibitishwa upya. Lakini kama diski imefungwa na BitLocker, itadai tarakimu 48, na bila hizo hata fundi hodari hafungui. Mweka hazina aziandike leo kwenye daftari.