Upelelezi Una Mipaka Yake

Kila ninapofundisha Suratul Hujurat, tukifika aya ya 12 inayokataza dhana na kuchunguzana, mwanafunzi mmoja huuliza: "Ustaadh, kama kupeleleza ni haramu, polisi watawakamata vipi wezi?" Swali hili si la darasani peke yake, nami napenda kulijibu hapa kwa faida ya wengi.

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Uhalifu ukishadhihiri, mtu kauawa au duka limevunjwa, kuuchunguza ni wajibu wa dola, vinginevyo haki za watu zitapotea. Kinachokatazwa ni kumwandama mtu asiye na dalili yoyote dhidi yake, kwa kutaraji kwamba huenda aibu yake ikaonekana.

Imesimuliwa kuwa Khalifa Umar bin Khattab (r.a.), akizunguka Madina usiku, alipanda ukuta wa nyumba akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamwambia kuwa yeye kakosea moja, lakini Amirul Muuminina kakosea matatu: kapeleleza (49:12), hakupitia mlangoni (2:189), na kaingia bila idhini wala salamu (24:27). Umar akamwacha. Hapa tunajifunza kuwa kiongozi mkuu naye yuko chini ya sheria.

Je, hakuna dharura? Ipo. Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, ameeleza katika Al-Ahkam as-Sultaniyya kuwa msimamizi wa maadili hana ruhusa ya kufukua maovu yaliyofichwa. Lakini akiletewa habari na mtu mkweli kwamba fulani kajifungia na mwenziwe ili amuue, anaruhusiwa kuingilia, maana akichelewa roho imepotea. Vipimo basi ni vitatu: habari ya kuaminika, madhara makubwa na ufinyu wa muda.

Sheria za Tanzania nazo zimeweka mipaka. Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977 inalinda faragha ya mtu na maskani yake, na ibara ya 13 inakataza mtu kuteswa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inataka upekuzi, kwa kawaida, uwe na hati, na vitu vilivyochukuliwa vitolewe stakabadhi. Upekuzi wa dharura bila hati umeruhusiwa, lakini kwa masharti.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, askari wakifika kwako usibishane nao kwa nguvu wala usikimbie. Waombe kwa adabu wajitambulishe na waoneshe hati. Mwite jirani au mjumbe ashuhudie. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma, na dai stakabadhi yako. Huko si kumficha mhalifu. Ushahidi uliopatikana kwa utaratibu ndio unaosimama mahakamani, na mwenye hatia hapati mwanya wa kuponyoka.

Mwisho, tujitazame na sisi. Si kila anayeonewa kaonewa na askari; wengine wamechongewa na jirani au ndugu kwa sababu ya kiwanja, deni au ugomvi wa msikitini. Aya ya 6 ya sura hiyo hiyo inatutaka tuhakiki habari kabla ya kuwadhuru watu. Anayepeleka uongo kituoni asijidanganye kuwa dhambi ni ya polisi peke yao.

Wallahu a'lam.