Kabla ya kupiga lipu, panga nyaya za kengele ya wezi

WENYE maduka wengi wanaponunua kengele ya wezi huuliza bei ya king'ora na sensa, nyaya wakamwachia fundi. Hilo ni kosa la hesabu. Sensa mbovu hubadilishwa kwa muda mfupi, lakini waya uliofukiwa ukutani ukikosewa, gharama yake ni kubomoa, kupiga lipu upya na kupoteza mauzo ya siku hizo.

Chukua mfano wa duka lenye mlango wa mbele, stoo nyuma na chumba cha fedha. Kabla fundi hajaanza kazi, mwambie akuchoree ramani, kisha hakiki mambo manne.

Kwanza, kisanduku kikuu kikae ndani, mahali ambapo mwizi hafiki bila kupita mbele ya sensa. Kila mlango na kila sensa viwe na kebo yake hadi kisandukuni, yenye namba. Hitilafu ikitokea stoo, fundi atajua pa kuanzia.

Pili, swichi za milango ziwe za saketi inayofungika mlango ukifungwa. Umeme mdogo hupita muda wote. Mlango ukifunguliwa au waya ukikatwa, umeme hukatika na king'ora hulia. Mwizi mjuzi anaweza kuziunganisha nyaya mbili ili kuidanganya saketi. Kinga yake ni rezista inayofungwa kwenye swichi yenyewe, siyo kisandukuni.

Tatu, pima umbali. Kebo ya kawaida ya kengele ina nyuzi 7 za milimita 0.2 katika kila waya, na mita 100 za waya huo zina ukinzani wa omu 8 hivi. King'ora cha nusu ampea kikiwa mita 40 kutoka kisandukuni, umeme husafiri mita 80, kwenda na kurudi. Hapo hupotea volti 3 na zaidi kati ya 12, na king'ora hudhoofika. Ukitumia nyaya mbili kwenda na mbili kurudi, hasara hupungua kwa nusu. Kwa hiyo nunua kebo yenye nyaya za akiba.

Nne, usizipitishe nyaya hizi katika bomba moja na umeme wa nyumba. Ni hatari, na kengele inaweza kulia ovyo hadi majirani waizoee. Zikilazimika kukutana, zikatishane kama msalaba.

Usisahau betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, mfumo ukitumia ampea 0.2, kwa hesabu hudumu saa 35 umeme ukikatika. Ikizeeka, muda hupungua.

Kazi ikiisha, fungua kila mlango ukisikiliza, ndipo ulipe salio. Ramani ifungie kwenye sefu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nyaya nazo zinahitaji daftari lake.