Somo la Kiingereza: "Because" na "Because of"



Barua nyingi za Kiingereza tuzionazo, za kuomba kazi, za kuomba ruhusa, hata za rambirambi, huharibika mahali pamoja, yaani pale mwandishi anapotaka kueleza sababu. Barua hufika kabla ya mwenyewe, na aisomaye humpima mtu kwa sentensi zake. Basi na tulitazame jambo hili.

Kwanza, Kiswahili chetu chenyewe kinatuonyesha njia. Twasema, "Sikuja kwa sababu mvua ilinyesha," lakini, "Sikuja kwa sababu ya mvua." Likifuata jina pamoja na kitendo chake, "ya" haitakiwi, likifuata jina peke yake, "ya" yatakiwa. Kiingereza nacho ni vivyo hivyo: "I did not come because it rained," bali "I did not come because of the rain." Aandikaye "because of it rained" amekosa sawasawa na asemaye "kwa sababu ya mvua ilinyesha".

Pili, yako maneno "owing to" na "due to". Yote mawili asili yake ni deni: "owe" ni kuwiwa, na "due" ni kinachodaiwa. Nayo hufuatwa na jina. Walimu wa zamani walisisitiza kwamba "His absence was due to illness" ni sahihi, lakini "He was absent due to illness" ni kosa. Mwingereza H. W. Fowler aliikemea sentensi ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1926. Siku hizi wengi huikubali. Hata hivyo, atumiaye "because of" hapo hatapata wa kumsahihisha.

Tatu, tujihadhari na "thanks to". Hilo lina shukrani ndani yake, nasi hulitumia kwa jambo jema: "Thanks to the nurse, the child recovered." Likiwekwa penye jambo baya huwa kejeli. Awaandikiaye wafiwa "thanks to the accident" amewajeruhi mara ya pili, ingawa nia yake ilikuwa kuwafariji.

Zoezi. Jaza "because" au "because of":
1. She stayed at home ...... her fever.
2. She stayed at home ...... she had a fever.

Majibu: ya kwanza ni "because of", ya pili ni "because". Wenye watoto shuleni na wawape wao kwanza, kisha wawaulize sababu.