Jirani Wangu Anaitwa Kafiri

Swali: Mimi ni Mwislamu wa Ujiji. Vijana wetu humwita jirani yangu Mkristo "kafiri" mbele ya wanawe. Niwaambieje?

Jibu: Wakanye waziwazi, ndugu yangu, maana ukinyamaza watadhani umekubali. Wakumbushe historia ya mji wao. Machi 1869 David Livingstone, mmisionari Mkristo, alifika Ujiji akiwa hoi, amebebwa na msafara wa Mohamed bin Gharib, Mwislamu aliyemuuguza njiani. Bin Gharib alifanya biashara ya watumwa, na doa hilo halifutiki. Hata hivyo, dini ya mgonjwa haikumzuia kumhudumia. Tena waambie kwamba Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa kila mtu kuabudu. Kisha nenda na vijana hao kwa jirani, wamwombe radhi mbele ya wanawe.