Vidonge vya omega-3 haviwezi kumrudishia mama kumbukumbu

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 68, ana presha na kisukari. Tangu mwaka jana amekuwa msahaulifu. Anarudia jambo lile lile, na mara mbili amesahau sufuria jikoni hadi ikaungua. Jirani yetu anauza vidonge vya omega-3, anasema vinarudisha kumbukumbu. Chupa moja ni Sh65,000. Mimi nina ujauzito wa miezi minne, naye amenishauri nivitumie ili mtoto azaliwe na akili, tena niache mafuta ya alizeti kwa sababu yanaharibu ubongo. Nifanye nini? Msomaji, Shinyanga.

JIBU: Mwanangu, kwanza hilo la pesa, maana najua Sh65,000 si kitu kidogo nyumbani. Usimnunulie mama chupa hiyo. Mpeleke hospitali akapimwe. Wewe kula samaki, na alizeti endelea kuipikia.

Jirani yako hajabuni kila kitu. Ukiondoa maji kwenye ubongo, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta. Hayajarundikana kama mafuta ya tumboni. Ndiyo yaliyojenga kuta za seli za ubongo, na kupitia kuta hizo seli moja huipasha nyingine habari. Katika mafuta hayo imo asidi ya mafuta iitwayo DHA, ya jamii ya omega-3, ambayo imejaa pia nyuma ya jicho, sehemu inayopokea mwanga. Kuta zenye DHA ya kutosha hubaki laini, na ujumbe hupita vizuri.

Tatizo ni kwamba mwili wa binadamu hauwezi kutengeneza omega-3 wala jamii nyingine ya mafuta iitwayo omega-6 kutoka mwanzo. Jambo hili lilianza kueleweka mwaka 1929, George na Mildred Burr wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walipowalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Panya hao walidumaa na ngozi zao zikatoka magamba. Yapo mafuta, basi, ambayo lazima yaingie kwa mdomo.

Omega-3 ya mimea, kama iliyomo kwenye mbegu za chia na za kitani, ni nzuri, ila bado ni malighafi. Mwili huibadilisha kuwa DHA kwa kiasi kidogo mno, ingawa wanawake walio katika umri wa kuzaa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kuliko wanaume. Samaki ana DHA iliyokwisha kutengenezwa. Ameipata kwa kula viumbe vidogo vya majini, na viumbe hivyo huipata kwa mwani mdogo usioonekana kwa macho. Ndiyo maana hata dagaa wa Ziwa Victoria anayo. Si lazima samaki atoke bahari ya mbali na afungwe kwenye kopo lenye picha nzuri.

Sasa mama. Sifa za omega-3 kwa wazee zimetoka hasa katika tafiti zilizowafuatilia watu kwa miaka mingi. Katika mji wa Framingham, Marekani, wazee 899 walifuatiliwa kwa wastani wa miaka tisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: waliokuwa na DHA nyingi zaidi kwenye damu walipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa karibu nusu ya kiwango cha wenzao, nao kwa wastani walikula samaki karibu mara tatu kwa wiki. Wauzaji wa vidonge huishia hapo.

Lakini mtu anayekula samaki mara tatu kwa wiki mara nyingi ana mengine pia: kipato kizuri, elimu, mboga mezani, daktari wa kumwona. Njia ya kujua kama kazi imefanywa na DHA yenyewe ni kuwapa wagonjwa wengine DHA na wengine vidonge vya mafuta ya kawaida vinavyofanana nayo, pasipo wao kujua nani amepewa kipi. Hilo lilifanyika Marekani kwa wagonjwa 402 wenye Alzheimer, aina mojawapo ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ya kiwango cha chini hadi cha kati, gramu 2 za DHA kila siku kwa miezi 18. Majibu yakatoka mwaka 2010: kumbukumbu ilipungua sawasawa katika makundi yote mawili. Seli zilizokwisha kufa hazifufuliwi na mafuta. Naandika hili kwa uzito kwa sababu nimeona familia zikinunua chupa baada ya chupa, na mzee hajapimwa hata mara moja.

Tena vidonge hivi si maji. Dozi kubwa za omega-3, hasa kuanzia gramu moja kwa siku na kuendelea, zimeonekana kuongeza hatari ya moyo kupiga bila mpangilio, na hali hiyo huweza kuleta kiharusi. Mwenye presha na kisukari tayari yuko karibu na hatari hiyo. Kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, daktari wake lazima ajue kila kidonge kingine anachomeza.

Mama anahitaji kupimwa kwa sababu si kila usahaulifu ni Alzheimer, na baadhi ya vyanzo vyake vinatibika au kudhibitiwa: tezi ya shingo iliyolegea, upungufu wa vitamini B12, sonona, kaswende ya zamani, VVU, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, hata masikio yasiyosikia vizuri. Kwa mama yako naitilia shaka B12 kuliko vingine. Wagonjwa wengi wa kisukari hutumia metformin, na dawa hiyo ikitumika miaka mingi huweza kupunguza vitamini hiyo mwilini. Asiiache dawa, apimwe damu, na akikutwa na upungufu atapewa vitamini hiyo kwa sindano au vidonge. Sukari ikishuka mno nayo huchanganya akili. Muulize kama huwa anatetemeka au kutokwa jasho jingi kabla ya kula.

Wala tusidhani haya ni maradhi ya Wazungu, au tuseme ni uzee tu. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta watu zaidi ya 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa yanaweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya ugonjwa huu duniani. Yamo presha, kisukari, uvutaji sigara, kutosikia vizuri, upweke na kukosa elimu utotoni. Ukosefu wa omega-3 haumo. Pesa ya chupa ile itamsaidia zaidi ikilipia dawa za presha bila kukatika na nauli ya kwenda kliniki.

Kwako wewe mjamzito habari ni tofauti. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito na miaka miwili ya kwanza ya maisha, ubongo wa mtoto hukusanya DHA kwa kasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwalinganisha kina mama wa Tanzania: Wamasai waliokuwa hawali samaki kabisa au kwa nadra, Wapare waliokula kiasi, na wakazi wa Sengerema, kando ya Ziwa Victoria, waliokula mara nne au tano kwa wiki. DHA kwenye damu ilipanda kadiri samaki walivyoongezeka. Pale mama alipokuwa na kidogo, mtoto alizaliwa na kiwango kikubwa kuliko chake. Mwili wa mama hutanguliza mtoto, yeye akabaki na akiba haba.

Faida iliyothibitika vizuri zaidi inahusu kujifungua. Mapitio ya tafiti 70, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kuwa omega-3 wakati wa ujauzito ilipunguza watoto waliozaliwa kabla ya wiki 34 kutoka asilimia 4.6 hadi 2.7. Hilo ni jambo kubwa. Ila kuhusu mtoto kuzaliwa na akili zaidi, ushahidi ulio wazi haukupatikana. Kwa ubongo wake hakikisha kwanza chumvi yenu ina madini joto, na vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki usiviweke kabatini.

Samaki kula mara mbili au tatu kwa wiki. Dagaa wanatosha, wana bei nafuu, na kwa kuwa ni wadogo na maisha yao ni mafupi hawakusanyi zebaki nyingi. Papa mwepuke kwa sasa, awe mbichi au mkavu. Unaponunua dagaa, nusa. Mafuta ya omega-3 huharibika haraka kwa jua na hewa. Dagaa aliyegeuka rangi ya kutu na mwenye harufu kali inayokwaruza koo amepoteza sehemu ya kile unachokitafuta. Chagua waliokaushwa kwenye vichanja kuliko waliotandazwa mchangani, wahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mahali penye kivuli. Wapike mchuzi wa nyanya au karanga kuliko kuwazamisha kwenye mafuta ya moto, kwani ukikaanga, sehemu ya mafuta ya samaki hubaki kikaangoni. Ukilazimika kutumia vidonge kwa kuwa samaki hapatikani au anakudhuru, mwulize mkunga kwanza, na usichukue mafuta ya ini la samaki: yana vitamini A nyingi inayoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Alizeti ina omega-6 nyingi na karibu haina omega-3. Hilo haliigeuzi sumu. Omega-6 nayo inahitajika mwilini, na wanaoitumia badala ya mafuta yanayoganda hupata maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini zaidi. Kosa ni kurudia mafuta yale yale ya kukaangia hadi yanakuwa meusi. Karanga na parachichi, ambazo watu huzisifu kwa omega-3, zina faida nyingine tu; omega-3 ndani yake ni kidogo sana.

Wiki hii mpeleke mama hospitali, mkiwa na dawa zake zote kwenye mfuko. Asikae jikoni peke yake hadi apimwe. Na siku yoyote mdomo wake ukienda upande, mkono au mguu mmoja ukilegea, au akachanganyikiwa ghafla, usisubiri kukuche: mpeleke saa hiyo hiyo, kwani huenda ni kiharusi.